Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Watafiti Hutunza Michikichi Isiyo na Mafuta Mengi?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu mafuta ya kula, na ndani yake tuligusia kwamba vituo vya utafiti wa michikichi hutunza mashamba makubwa ya miti ambayo hakuna mkulima angetaka kuipanda. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, na nyingi zimetoka Dodoma na Singida, mikoa ya alizeti, ambako mawese hufika kwa treni ya Kigoma na kuuzwa bila mtu kuuliza mti wake ulikotoka. Tumechagua barua saba, tumezifupisha, na tunazijibu hapa.

Swali: Redioni nilisikia kwamba michikichi yote ya Malaysia na Indonesia imetokana na miti minne tu. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba huo ni uvumi, lakini mmoja wao alisisitiza kuwa kaka yake alifundishwa hivyo chuoni. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama ni kweli, inawezekanaje miti ya ukoo mmoja ilishe dunia?
*Mwalimu wa baiolojia, Kongwa*

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ila neno “yote” linahitaji kupunguzwa kidogo. Mwaka 1848 Waholanzi waliokuwa wakitawala Java walipanda miche minne ya mchikichi katika bustani ya mimea ya Bogor, ambayo wakati huo iliitwa Buitenzorg. Miwili ililetwa kutoka bustani ya Amsterdam, na miwili kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo mashariki ya Madagaska. Asili ya yote minne ni Afrika, kwa kuwa mchikichi huu ni mti wa Afrika ya Magharibi na Kati, lakini hakuna kumbukumbu inayotaja mahali hasa mbegu zake zilipookotwa. Watoto wa miti hiyo walifanana mno, kiasi kwamba wapo wataalamu wanaodhani kuwa miche yote minne ilitokana na mkungu mmoja. Mbegu zilipelekwa Deli, Sumatra, zikapandwa kwanza kuwa mapambo katika mashamba ya tumbaku, na kilimo cha biashara kilipoanza, Sumatra mwaka 1911 na Malaya mwaka 1917, mbegu zilizokuwa karibu ndizo zilizotumika. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, kusema mchikichi wa Asia ya Kusini-Mashariki kulikuwa sawa na kusema ukoo wa Deli.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya gamba la kokwa. Miti ya Deli ni ya aina ya dura, yaani kiini chake, ambacho watu wa Kigoma hukiita mise, kimefunikwa na gamba nene. Iko aina nyingine, pisifera, isiyo na gamba, ambayo mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa, na kwa hiyo haina faida kwa mkulima. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti waliofanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, walionyesha kwamba unene wa gamba hilo hutawaliwa na jeni moja. Dura ikichavushwa kwa chavua ya pisifera, watoto wote huwa tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi ya tunda, na mkungu wao hutoa mafuta zaidi ya ule wa dura kwa takribani asilimia 30. Tangu ugunduzi huo ulipoingia mashambani, mchikichi wa kawaida wa Malaysia umekuwa na mama wa Deli na baba mwenye asili ya karibu zaidi ya Afrika.

Hapo ndipo neno “yote” linapokosea, lakini usishangilie mapema, maana upande wa baba nao ni mwembamba. Ukoo maarufu wa akina baba, unaoitwa AVROS, unarudi kwenye mti mmoja uliokuwa katika bustani ya Eala, Kongo, uliopewa jina la Djongo. Koo za La Mé ya Kodivaa na za Yangambi ya Kongo nazo zilianzia kwenye miti michache iliyochaguliwa kwa uzuri wake. Mamilioni ya hekta, ukizifuata nyuma kwa vizazi vichache, zinaishia kwenye orodha ya mababu inayoweza kuandikwa kwenye ubao wako wa darasani na nafasi ikabaki.

Inawezekanaje basi miti hiyo ikazaa vizuri? Sababu moja ni kwamba Deli ilichujwa kizazi baada ya kizazi kwa ukubwa wa mkungu na unene wa nyama, na kasoro nyingi zikaondolewa njiani. Nyingine ni kwamba mama na baba wa tenera wametoka koo zilizo mbali, na wana wa koo zilizo mbali huwa na nguvu ambayo wazazi wao, waliokwisha kuoana wenyewe kwa wenyewe, hawanayo. Wembamba wa kila ukoo hufichwa na ndoa hiyo, na mkulima haoni tatizo lolote shambani. Anayeliona ni mtafiti. Kazi yake ni kuchagua, na kuchagua kunahitaji tofauti. Ndugu wanapokuwa wamefanana katika kila jambo, hata akipima miti elfu hapati wa kumpita mwenzake. Ndiyo maana akageuka kutazama ilikotoka ile minne.

Swali: Mimi nauza mafuta kwa lita na kwa dumu. Bei ikipanda, wateja wananilaumu mimi. Sasa mnatuambia kuna watu wanatunza mashamba ya michikichi yenye mafuta kidogo! Kwa nini ardhi hiyo isipandwe miti ya mafuta mengi, tukapata nafuu?
*Mama mfanyabiashara, Soko la Majengo, Dodoma*

Jibu: Mama, swali lako ni la haki, na huulizwa hata na wale wanaotia saini bajeti za utafiti. Kwanza tukutulize kuhusu ardhi: mashamba haya ni kipande kidogo mno ukilinganisha na mashamba ya uzalishaji, na hata yote yakigeuzwa leo kuwa tenera, dumu lako halitashuka bei hata kwa shilingi kumi.

Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 1973 watafiti wa Malaysia, wakishirikiana na taasisi ya michikichi ya Nijeria, NIFOR, walizunguka katika vichaka na mashamba ya vijijini kote kusini mwa Nijeria wakikusanya mikungu. Hawakutafuta miti bora peke yake. Walichukua mkungu kutoka mti huu, na mkungu kutoka mti ule, sehemu hadi sehemu, wakaandika mahali na sura ya kila mmoja, kwa kuwa walichokuwa wakikitafuta ni tofauti yenyewe. Baadaye walifika Kamerun na Zaire (Kongo ya leo) mwaka 1984, Tanzania na Madagaska mwaka 1986, Angola mwaka 1991, kisha Senegali, Gambia, Sierra Leone, Gine na Ghana katika miaka ya 1990. Mbegu zilipandwa Kluang, katika jimbo la Johor, na mkusanyiko huo ndio mkubwa kuliko wote duniani wa mchikichi. Walikwenda pia Amerika ya Kati na ya Kusini kutafuta ndugu wa mchikichi wetu, mti mfupi uitwao oleifera, ambao mafuta yake ni mepesi zaidi lakini ni machache.

Ukipita katika mashamba hayo kwa macho ya biashara utasikitika. Miti mingi ina matunda madogo, nyama kama karatasi na gamba linaloshinda nyundo. Lakini watafiti walipoipima familia moja baada ya nyingine, kwa miaka mingi, waliona kwamba baadhi ya familia za Nijeria hurefuka polepole sana. Jambo hilo huenda lisikuguse, mama, mpaka ujue kwamba shamba la mchikichi hung'olewa likiwa na umri wa miaka 25 hivi, mara nyingi kwa sababu hiyohiyo: miti imekuwa mirefu kiasi kwamba mvunaji mwenye mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu hafikii tena mikungu. Mti unaorefuka nusu ya kasi hiyo huvunwa miaka mingi zaidi kabla ya kupandwa upya. Familia nyingine zilikuwa na mafuta yasiyoganda upesi, nyingine zilikuwa na mise kubwa, nyingine zilikuwa na rangi nyekundu nzito, ambayo ni dalili ya wingi wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hakuna mti mmoja wenye yote hayo, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao mkulima angeupenda kama ulivyo.

Kisha kuna magonjwa, na hapa ndipo tunapopenda kukaa zaidi, kwa sababu ndipo gharama ya kutokuwa na mkusanyiko inapoonekana waziwazi. Katika Afrika ya Magharibi na Kati kuna mnyauko unaosababishwa na kuvu wa fuzari, ambaye huingia kwenye mizizi, akaziba mishipa ya maji, na majani ya chini yakaanza kukauka na kuning'inia. Haukupatikana unyunyizaji wa kuutibu shambani. Kilichosaidia ni kuiambukiza miche ya familia nyingi kwa makusudi ikiwa bado kitaluni na kubakiza familia zilizosimama, kazi ambayo isingewezekana kama familia zote zingekuwa za aina moja. Huko Asia adui ni kuvu mwingine, Ganoderma, anayeozesha shina kutoka chini, na familia zenye asili ya Zaire na Kamerun zimeonekana kumstahimili kuliko zile za Deli. Kolombia nako uozo wa kichwa cha mti uliangamiza mashamba ya eneo la Tumaco katika miaka ya 2000, na wakulima wengi waliorudi shambani walipanda chotara la mchikichi wetu na ule oleifera mfupi ambao zamani ulionekana hauna thamani sokoni. Chotara hilo lina usumbufu wake, maana maua yake yanahitaji kuchavushwa kwa mkono wa mtu, lakini linasimama mahali ambapo tenera ya kawaida ililala.

Kwa upande wa pili hatutaki kukuficha jambo. Kuhamisha sifa moja njema kutoka mti wa porini kwenda kwenye mti wa shambani si kazi ya msimu. Ukiuoanisha mti mfupi wa Nijeria na Deli, ufupi unakuja pamoja na gamba nene na mikungu midogo, na inabidi kuoanisha tena na tena ili kuacha kibaya na kubakiza kizuri. Kila mzunguko huchukua miaka kumi au zaidi, kwa kuwa mti lazima uzae na upimwe kwa miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa. Mkusanyiko ambao haupimwi, ambao miti yake inazeeka ikiwa na vibao vya namba tu, kwa maoni yetu hauna tofauti kubwa na pori lililozungushiwa uzio, na mwenye bajeti ana haki ya kuuliza. Jibu lake ni kuongeza wapimaji.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kama Indonesia na Malaysia zina mamilioni ya hekta za michikichi, je, si wingi huo wenyewe ni utofauti wa kutosha wa vinasaba?
*Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma*

Jibu: Marahaba. Hapana, wingi si utofauti. Nenda Makutupora ukaangalie shamba la zabibu lenye mashina elfu yaliyopandwa kwa vipandikizi vya mzabibu mmoja: kwa hesabu ya vinasaba umeona mzabibu mmoja. Tenera haziko hivyo kabisa, kwa kuwa huzaliwa kwa mbegu, lakini zimekaa upande huo wa mizani.

Utofauti hupimwa kwa kuchukua kipande cha jani, kutoa vinasaba, na kusoma alama zilizotawanyika humo. Mtafiti huuliza mambo mawili: katika kundi hili kila alama ina sura ngapi, na mti mmoja mmoja umepokea sura mbili tofauti kutoka kwa baba na mama, au ileile mara mbili? Vipimo vya namna hii vimeyaweka makundi ya Nijeria juu kwa utofauti, na Deli chini. Jenomu nzima ya mchikichi ilichapishwa mwaka 2013, sambamba na kutambuliwa kwa ile jeni ya gamba, na tangu hapo kipimo cha jani kinaweza kueleza mche ni dura, tenera au pisifera ungali kitaluni, miaka kadhaa kabla ya tunda la kwanza.

Swali: Niliwahi kutembelea hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea kule Arusha, nikaona mbegu za mtama zimewekwa kwenye majokofu. Kwa nini michikichi nayo isihifadhiwe hivyo, badala ya mashamba yanayohitaji palizi na walinzi?
*Mtumishi wa umma, Mtumba*

Jibu: Kwa sababu mbegu yake haikubali. Punje ya mtama wa Hombolo ukiikausha vizuri na kuiweka kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, inaweza kungoja miongo kadhaa na bado ikaota. Mbegu ya mchikichi hustahimili kukaushwa kwa kiasi tu, na katika ghala la ubaridi wa kawaida haitunziki salama kwa zaidi ya mwaka mmoja au miwili hivi. Hata kuiotesha ni kazi: huwekwa kwenye joto la nyuzi 39 au 40 kwa siku 60 hadi 80, ndipo ilowekwe na kupozwa, la sivyo inaweza kukaa ardhini miezi mingi bila kuchipua, na ikichipua huchipua kwa zamu.

Zipo njia za maabara. Kiinitete hutolewa ndani ya kokwa na kugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Chavua nayo ikikaushwa hutunzwa kwenye jokofu kwa mwaka au zaidi, na ni rahisi kusafirisha. Hizo ni akiba nzuri ya dharura. Lakini kiinitete kilichogandishwa hakiwezi kupimwa urefu wala mafuta, na kwa hiyo shamba linabaki kuwa ndiyo hifadhi. Nalo ni ghali kweli: kwa nafasi ya kawaida ya mita tisa, hekta moja hubeba miti 143 tu, na ili familia moja iwakilishwe inavyostahili huhitaji miti mingi. Miti ikizeeka lazima izaliwe upya kwa kuchavushana yenyewe kwa yenyewe chini ya ulinzi, maana ukiachia upepo na wadudu, familia za Kluang zitachanganyika na kizazi kinachofuata hakitajulikana baba.

Ulinzi huo unafaa kuonwa. Mfanyakazi hupanda ngazi hadi kwenye shada la maua jike takribani wiki moja kabla halijafunguka, akakata miiba na majani yaliyolizunguka, akalifunika kwa mfuko mzito wenye kidirisha cha plastiki na kulifunga shingoni kwa pamba yenye dawa ili hata mdudu asipenye. Kila siku hutazama kidirishani. Maua yanapofunguka na kugeuka rangi ya maziwa, hutoboa tundu dogo, akapuliza chavua iliyochanganywa na poda laini, akaziba, akaandika kibao. Mkungu huvunwa miezi mitano au sita baadaye. Kibao kikipotea, mbegu zote za mkungu huo hutupwa.

Swali: Mwaka juzi mdogo wangu aliye Kigoma alinipa mkungu wa tenera kutoka shambani kwake. Niliotesha mbegu, nikampelekea miche ili aongeze shamba bila kununua mbegu. Bwana shamba wao ameikataa. Amefanya haki?
*Mzee mstaafu, Kondoa*

Jibu: Mzee wetu, amefanya haki, ingawa tunaelewa uchungu wa kazi iliyopotea. Tenera ni mtoto wa ndoa mchanganyiko: ana nakala moja ya jeni ya gamba nene kutoka kwa mama dura, na nakala moja ya kukosa gamba kutoka kwa baba pisifera. Tenera wakichavushana wenyewe kwa wenyewe, kama inavyotokea shambani kwa mdogo wako, watoto wao hugawanyika. Katika kila wanne, kwa wastani, mmoja hurudi kuwa dura, wawili hubaki tenera, na mmoja huwa pisifera, ambaye atakua, atanenepa, atakula mbolea na huenda asimpe mkungu hata mmoja wa kuvuna. Kitaluni huwezi kuwatambua kwa macho.

Ikiwa baadhi ya miche hiyo ilikwisha kupandwa, mdogo wako asubiri matunda na akate tunda moja kwa kisu kikali, katikati, kwa upana. Akiona gamba nene na nyama tupu kulizunguka, hiyo ni dura. Akiona gamba jembamba, na nje yake, ndani ya nyama, duara la nukta nyeusi za nyuzi zilizolikumbatia, hiyo ni tenera. Duara hilo la nyuzi ni ushahidi mzuri kuliko unene wenyewe, kwa sababu ziko dura za gamba la wastani zinazodanganya macho. Kwa shamba jipya anunue mbegu au miche ya TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Kigoma, au ya muuzaji anayetambuliwa, ambayo kila mbegu imetokana na dura na pisifera wanaojulikana.

Swali: Nimepanda michikichi mitatu kando ya majaruba ya mpunga. Ni mirefu na ya kijani, lakini hutoa maua dume tu. Je, katika hiyo mikusanyiko hakuna mchikichi wa Dodoma?
*Mkulima, Bahi*

Jibu: Mchikichi huamua shada litakuwa jike au dume mapema sana, takribani miaka miwili kabla ya siku ya kuvuna, na ukipata dhiki ya maji wakati huo huelekea dume. Maji ya majaruba yako yanaisaidia mizizi kwa miezi michache, lakini Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi au pungufu, katika msimu mmoja, na kisha hewa kavu kwa zaidi ya nusu mwaka. Mchikichi hufanya vizuri penye milimita 2,000 zilizotawanyika mwaka mzima.

Utofauti wa vinasaba unaweza kuusogeza mpaka, hauwezi kuufuta. Mfano mzuri unatoka kwetu wenyewe: michikichi ya Kigoma, inayoota kwenye miinuko yenye usiku wa baridi, ilichukuliwa na wazalishaji wa mbegu wa ASD, Costa Rica, pamoja na ile ya nyanda za Bamenda, Kamerun, wakaioanisha na koo zao na kupata mbegu zinazostahimili baridi kuliko za kawaida. Huo ulikuwa msogeo wa mita mia kadhaa za mwinuko. Kutoka milimita 2,000 hadi 600 ni safari nyingine, na hatujui sababu ya kuianza wakati alizeti inakubali udongo wako. Miti mitatu iache iwe kivuli.

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Kigoma ninayeishi huku kikazi. Mmeandika kwamba Wamalaysia walichukua mbegu zetu mwaka 1986. Sisi tulipata nini? Na sasa wazee wangu wanahimizwa kukata michikichi ya asili wapande tenera. Tutabaki na nini?
*Msomaji, Manyoni*

Jibu: Umeuliza maswali mawili, na la kwanza lina jibu la kisheria lisilopendeza. Mwaka 1986 msimamo wa kimataifa, uliopitishwa chini ya FAO mwaka 1983, ulikuwa kwamba nasaba za mimea ni urithi wa binadamu wote. Mkataba wa bioanuwai, unaozipa nchi mamlaka juu ya nasaba zao, ulianza kutumika mwishoni mwa 1993, na Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ilianza 2014. Sheria hizo hazirudi nyuma. Upo pia mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea ya chakula na kilimo, unaotumika tangu 2004, ambao umerahisisha kubadilishana mazao kadhaa kwa masharti yanayofanana. Mnazi umo katika orodha yake, mchikichi haumo. Kwa hiyo kila anayetaka nasaba za mchikichi leo hujadiliana na nchi husika moja kwa moja, na hilo kwa maoni yetu ni nafasi kwa Tanzania: tunapohitaji pisifera bora au familia zinazohimili mnyauko, tunacho cha kuweka mezani, ilimradi tunakijua na bado kipo.

“Bado kipo” ndilo swali lako la pili. Michikichi ilikuwapo Ujiji kabla wasafiri wa Kizungu hawajafika huko katika karne ya 19, na kwa vizazi vingi imejiotea yenyewe, ikachanganyika na ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikachujwa na ukame wa kiangazi cha kule, na baridi, na magonjwa. Mingi ni dura na mafuta yake ni machache. Kampeni ya tenera iliyoanza mwaka 2018 chini ya Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, ina sababu za kutosha, na hatuwezi kumwambia mzee mwenye ekari mbili aendelee kuwa maskini ili atunze utofauti kwa niaba ya taifa. Gharama hiyo ni ya serikali na ya kituo cha utafiti.

Linalowezekana ni la katikati. Wazee wako wasikate yote kwa mara moja. Wapande tenera kwa vipande, na wabakize kwanza miti wanayoifahamu kwa jambo fulani, kama mti ambao haukuacha kuzaa mwaka wa ukame, au uliobaki mfupi wakati rika lake limepanda juu, au uliopona wenzake waliponyauka. Habari hizo hazipo kwenye maabara yoyote, wanazo wao. Wamweleze afisa kilimo wa kata awasiliane na Kihinga kabla miti haijakatwa. Kinachohitajika kutoka kila mti ni mkungu mmoja uliokomaa, kipande cha jani, jina la kijiji na maelezo ya mwenye mti, ambayo yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe siku hiyohiyo.